Siku tano Karibi na mke asiyepiga mbizi: nendeni Bonaire

Ndugu, umesema mna siku tano, shemeji hapigi mbizi, na hamu yenu kubwa ni kuona kasa. Kwangu mimi, achaneni na kisiwa cha Aruba, nendeni kisiwa jirani cha Bonaire. Ukiwa Uholanzi kuna ndege ya moja kwa moja kutoka Amsterdam, na matumizi kule ni kwa dola za Marekani.

Raha yake ni kwamba matumbawe yako hatua chache tu kutoka ufukweni. Kodisheni pikapu, mfuate mawe ya njano kando ya barabara. Kila moja lina jina la mahali pa kuingilia majini. Anzeni na 1000 Steps, yaani "Ngazi Elfu" (usiogope jina, ngazi hazifiki hata mia). Shemeji avae miwani ya majini na mrija wa kupumulia, aelee taratibu. Kasa huonekana hapo, na mkimwona msimfukuze wala kumgusa.

Siku moja pandeni boti kutoka Kralendijk, mji mkuu, hadi kisiwa kidogo cha Klein Bonaire. Chukueni maji na kofia, kivuli ni haba. Losheni ya jua yenye oksibenzoni (kemikali inayodhuru matumbawe) imepigwa marufuku, na ada ya hifadhi lipeni mapema mtandaoni. Usiku endesheni polepole, punda wanazurura barabarani.