Stepla ya upepo: mkono unaoumia ni ule usioshika triga

Majeraha ya stepla ya upepo (ile inayopiga pini kwa nguvu ya hewa) niliyoyaona kwenye karakana za makochi karibu yote yalikuwa kwenye mkono mmoja: ule unaovuta kitambaa. Kuvalisha kochi ni kazi ya mikono miwili. Mmoja unakaza, mwingine unapiga pini, na kadiri unavyotaka kitambaa kikae bila mkunjo ndivyo vidole vinavyosogelea mdomo wa stepla. Hakuna anayeviweka pale kwa makusudi. Vinafika vyenyewe kidogo kidogo, kazi inapokolea na mtu anapoanza kuona amezoea.

Anayenunua vifaa hivi kwa mara ya kwanza huwa anaiogopa kompresa, ile mashine inayosukuma upepo, maana ndiyo inayonguruma. Stepla yenyewe anaichezea: ni ndogo, nyepesi, inakaa vizuri kiganjani. Basi nianze na hiyo ndogo. Stepla nyingi za makochi, zile zinazopiga pini nyembamba zenye mgongo wa milimita 10 hivi na miguu ya milimita 6 hadi 16, hazina kinga yoyote mdomoni. Ukivuta triga pini inatoka, iwe mdomo umegusa mbao au umeelekea usoni kwa mwenzako. Stepla kubwa za fremu na mbao nene huwa na kinga ya mdomoni, kipande cha chuma ambacho lazima kikandamizwe kwenye mbao kwanza ndipo pini itoke. Ukiwa na aina zote mbili mezani, kumbuka kila wakati umeshika ipi.

Hata hiyo yenye kinga ina mambo yake. Kuna triga inayodai ukandamize mdomo kwanza, kisha uvute, na uiachie kabla ya pini inayofuata. Nyingine inakuruhusu kushikilia triga muda wote, na kila mdomo unapogusa kitu pini inatoka. Hii ya pili ina kasi, na mafundi wanaipenda kwa kazi ndefu zilizonyooka. Mimi simpi mwanagenzi. Stepla ikishapiga hurudi nyuma kidogo, na kama kidole bado kiko kwenye triga, mdomo ukigusa tena mbao, au goti, au mkono wa mtu anayeshikilia upande wa pili, pini nyingine imeshatoka. Kabla ya kazi jaribu kwenye kipande cha mbao kilichotupwa ujue yako ni ya namna gani. Kitabu chake kitakueleza pia kama triga hiyo inaweza kubadilishwa.

Sasa ule mkono wa pili. Ninachowaambia wanagenzi ni kwamba kati ya vidole na mdomo wa stepla ibaki nafasi ya kiganja kizima. Watakuambia haiwezekani, kitambaa kitalegea. Inawezekana. Shikiza kwanza katikati ya kila upande kwa pini chache, kitambaa kijishikilie chenyewe, kisha ukaze ukielekea pembeni. Mahali panapodai nguvu, kama kwenye ngozi au mikanda ya kukalia, tumia koleo pana la kuvutia. Koleo likipigwa pini hakuna anayelia.

Nafasi hiyo naisisitiza kwa sababu pini ikishaingia kwenye mbao huwezi kujua itatokea wapi. Ikikutana na kifundo, na nyuzi ngumu, na skrubu au pini ya zamani, mguu mmoja unapinda na kuchomoza ubavuni. Kwenye ukingo mwembamba wa fremu inatokea upande wa pili kabisa. Kwa hiyo vidole havikai nyuma ya ubao unaopigwa wala chini yake, na urefu wa pini uwe mdogo kuliko unene wa mbao. Plaiwudi ya milimita 9 haihitaji pini ya milimita 12. Kochi kuukuu litakupa tabu zaidi, kwani fremu imejaa vyuma vya mafundi waliokutangulia. Ng'oa pini zote za zamani kabla ya kuvalisha upya. Ni kazi ya kuchosha na wateja hawailipii, lakini ifanye.

Upepo nao una kiasi chake. Anza na msukumo wa PSI 60, yaani kama baa 4, upige kwenye kipande cha majaribio, uongeze kidogo kidogo mpaka mgongo wa pini ulale sawa na kitambaa bila kukikata. Kwa makochi mara nyingi hutahitaji kwenda mbali na hapo. Kiwango cha juu kimeandikwa kwenye mwili wa stepla au kwenye kitabu chake, nacho hakivukwi. Nikiona mtu amefika PSI 100 na pini bado hazizami, simruhusu aongeze. Nakagua kama pini ni ndefu mno kwa mbao ile, kama ulimi wa kugongea, kile chuma kinachosukuma pini, umelika, au kama stepla imekauka mafuta. Upepo mwingi unaongeza kurudi nyuma, unachosha ringi za mpira zilizo ndani, na kitambaa kinatoboka.

Halafu kuna lile wazo ambalo huja kompresa ikiharibika na jirani akiwa mchomeleaji: kuunga stepla kwenye mtungi wake wa oksijeni. Usithubutu. Oksijeni ikikutana na mafuta yaliyo ndani ya stepla inaweza kulipuka mkononi mwako. Mitungi mingine ya gesi pia si ya kazi hii, kwa sababu ya msukumo wake mkubwa au kwa sababu gesi yenyewe inashika moto. Stepla inataka hewa ya kompresa tu.

Jambo ambalo mafundi wazoefu hulidharau ni kiungio, pale stepla inapoungwa na mpira wa upepo, lile bomba linalotoka kwenye kompresa. Upande wa stepla unapaswa kuwa na chuchu iliyo wazi, na upande wa mpira wa upepo uwe na ile sehemu yenye vali inayofunga upepo. Hapo ukichomoa, upepo uliobaki ndani ya stepla unatoka wote papo hapo. Wapo wanaofunga kinyume, vali ikae kwenye stepla, pengine kwa sababu ndivyo vipande vilivyopatikana. Stepla ya hivyo ukiichomoa inabaki na upepo tumboni, na unatosha kupiga pini. Angalia yako leo.

Nalisema hilo kwa sababu ushauri wangu mwingine wote unategemea kuchomoa. Kujaza pini, chomoa. Kuondoka mezani, chomoa. Kupanda ngazi nayo, chomoa. Na pini zikikwama, chomoa kabla hujagusa chochote kingine. Kukwama ndiko kunakowaponza wenye haraka. Nilimwona kijana aliyekuwa anachokonoa pini iliyokwama kwa bisibisi, mpira ukiwa bado umeungwa, na mkono wa pili umeifumbata stepla isiteleze. Kufumbata kwenyewe kulivuta triga. Pini iliyokwama ikafunguka, na iliyofuata ikaingia kiganjani. Angechomoa, ingekuwa kazi ya dakika moja kwa koleo dogo. Kuchungulia mdomo wa stepla kwa jicho moja, kama wengine wanavyofanya, sitaki hata kukuzungumzia.

Ukiibeba, shika mpini, kidole kikiwa nje ya triga, mdomo umeelekea chini. Usiibebe kwa kuning'iniza mpira. Ukimpa mwenzako, iweke mezani aichukue mwenyewe.

Miwani ya kazi yenye kinga za pembeni ni lazima, na si kwa anayepiga tu. Pini iliyogonga chuma hairuki kuelekea kwa fundi peke yake, kwa hiyo anayeshikilia kitambaa upande wa pili avae pia. Miwani ya kusomea haihesabiwi. Masikio nayo yazibwe ukikaa siku nzima na kompresa, au mpira uwe mrefu na kompresa ihamie nje.

Kabla ya kazi dondoshea matone mawili matatu ya mafuta ya vifaa vya upepo pale mpira unapoungwa. Ya injini hapana. Jioni fungua koki iliyo chini ya tangi la kompresa, maji yatoke, la sivyo kutu italila kutoka ndani. Vali ya usalama ya tangi haizibwi wala haikazwi ili upepo uzidi. Na ule mpira si wa kujipulizia vumbi nguoni, maana upepo wa namna hiyo unaweza kuumiza jicho au sikio, na hata kuingia mwilini kupitia kidonda.

Pini ikikuingia licha ya yote hayo, chomoa mpira kwanza ili isije ikatoka ya pili. Ile iliyoshika ngozi ya juu tu unaweza kuitoa, ukaosha kwa maji mengi na sabuni. Iliyozama, au iliyo karibu na kiungo au mfupa, iache ilivyo, funika kwa kitambaa safi, nenda hospitali. Pini nyingi hupakwa gundi ili zing'ang'anie kwenye mbao, na kuivuta kwa koleo la karakana kunaweza kuumiza zaidi ya ilivyoingia. Uliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Njiani beba pini moja ya pakiti ileile umwonyeshe daktari, ajue urefu wa kitu anachokwenda kukitafuta.