Maji yakinyong'onyea botini, usianze na pampu

Mgeni akitoka bafuni kichwa kimejaa povu na kukuuliza, "Fundi, maji yamekwenda wapi?", huna jibu la heshima. Hilo lilinikuta tukiwa tumetia nanga karibu na Gombe, Ziwa Tanganyika. Tangi la lita 400 nilikuwa nimelijaza mwenyewe asubuhi pale Kibirizi, Kigoma, na pampu ilikuwa inasikika ikinguruma chini ya sakafu, lakini shawa ilikuwa inadondosha tu. Tukammalizia kwa ndoo na kopo. Yeye alicheka. Tajiri wa boti hakucheka.

Nikafanya wanalofanya wengi: nikaihukumu pampu. Sasa, Kigoma ni mwisho wa reli. Pampu ya boti ya volti 12 huendi tu Soko la Mwanga ukaikuta imepangwa na ndala. Unaagiza Dar es Salaam, unatuma hela, halafu unasubiri basi. Ilipofika niliifunga jioni ileile, nikaijaribu huku tangi likiendelea kujazwa. Maji yakafoka, nikajisifu. Safari iliyofuata, tukielekea Mahale, yakanyong'onyea vilevile, na hela ya tajiri ilikwisha kwenda.

Siku hizi nikiitwa kwenye boti yenye shida hii sigusi spana kwanza. Nauliza: ni bomba moja au yote? Kama ni moja, pampu na tangi viache. Fungua kile kichujio kidogo kilicho mdomoni mwa bomba, au kichwa cha shawa, utazame. Maji ya Ziwa Tanganyika yana madini mengi na yameegemea upande wa magadi, pH yake inakaribia 9. Ule ukoko mweupe unaouona ndani ya birika la nyumbani ndio huohuo unaoziba vitundu vya shawa. Loweka kwenye siki usiku kucha, asubuhi sugua kwa mswaki wa zamani. Na kama maji baridi yana nguvu ila ya moto ndiyo dhaifu, kaangalie njia ya hita, hasa ile vali inayozuia maji yasirudi nyuma. Huwa inakwama.

Yakiwa mabomba yote ndipo kazi inapoanza, na hapo masikio yanatangulia mikono. Fungua bomba moja, mwambie mwenzako anyamaze, sikiliza pampu.

Ikiwaka na kuzima, ikiwaka na kuzima, haraka haraka, maana yake inasukuma lakini mbele kuna kizuizi: koki haijafunguliwa yote, mpira umekunjika, au chujio la maji ya kunywa limejaa tope. Ikilia nyepesi na kwa kasi huku bomba likitematema, inavuta hewa. Ikilia nzito, bila kukata hata ukifunga mabomba, ama umeme hauifikii wa kutosha ama upande wa kuvuta umebanwa. Na ikiwaka yenyewe usiku mabomba yote yakiwa yamefungwa, kuna mahali panavuja. Kabla ya kulala tena kaangalie chini ya sakafu.

Baada ya masikio, ndoo. Hili ndilo jaribio lililoniokolea hela nyingi kuliko kifaa chochote. Chomoa mpira unaotoka tangini pale unapoingia kwenye pampu, weka kipande kifupi cha mpira mahali pake, kitumbukize kwenye ndoo ya maji safi, washa. Maji yakija kwa nguvu, pampu haina kosa. Tatizo liko tangini au kati ya tangi na pampu. Yasipokuja, geukia upande wa pili: chomoa mpira wa kutokea, iache pampu imwage moja kwa moja kwenye ndoo ya lita 10, na upime kwa saa ya simu. Pampu iliyoandikwa lita 11 kwa dakika inatakiwa kuijaza kabla dakika haijaisha. Ikichukua dakika mbili, usiitupe bado. Kwanza pima umeme wake.

Watu wa majini tunapenda kusema "betri nzima". Betri inaweza kuwa nzima na pampu ikafa njaa. Boti moja niliyoikagua, betri ilisoma volti 12.5, lakini nilipoweka mita kwenye nyaya za pampu yenyewe, ikiwa inazunguka, nikakuta 10.6. Aliyeifunga alitumia waya mwembamba wa milimita 1.5 kwa umbali wa mita saba kwenda na saba kurudi, na kishikio cha fyuzi kilikuwa kimeota kutu ya kijani. Tukaweka waya wa milimita 4 na kishikio kipya, pampu ikabadilika sauti palepale. Muhimu ni kupima pampu ikiwa inafanya kazi; ukipima imezimwa mita itakudanganya.

Upande wa kuvuta ndio wenye ujanja mwingi. Kwanza kuna lile chujio la kikombe ambalo maji hulipitia kabla ya kuingia kwenye pampu. Ziwa likitulia tope linalala chini ya tangi. Ukitoka na upepo wa kiangazi unaovuma kutoka kusini, mawimbi yanalivuruga na chujio linajaa ndani ya nusu saa. Ndiyo maana boti ikiwa bandarini fundi haoni kosa, na nahodha anaonekana mzushi. Lifungue na ulioshe. Wapo wanaoling'oa kabisa kwa sababu "linasumbua". Mchanga ambao lingeuzuia huishia kwenye vali za mpira ndani ya pampu, na vali yenye chembe chini yake haifungi tena.

Kisha kuna viungo. Mpira ukiwa na upenyo upande wa kusukuma, utaona maji. Ukiwa na upenyo upande wa kuvuta huoni kitu, ni pakavu kabisa, kwa sababu hewa ndiyo inayoingia. Kaza klipu zote, hata zile zinazoonekana sawa. Mpira wenyewe uwe ule wenye nyuzi ndani. Ule mwepesi wa kumwagilia bustani, ukipita karibu na injini unalainika, na pampu ikivuta unajibana katikati halafu ukizima unarudi umbo lake kana kwamba hakuna kilichotokea. Utautazama mara kumi bila kuushuku.

Kitu kimoja nakataza: usikimbilie skrubu ya swichi ya presha. Pampu nyingi za aina hii huwaka presha ikishuka karibu psi 25 (psi ni kipimo cha presha) na kukata ikifika 40. Ukiikaza ili "iongeze nguvu" wakati njia imeziba, unaviongezea viungo mzigo, na kitakachoachia kwanza ni kiungo kilicho nyuma ya kitanda cha mgeni.

Sasa turudi kwenye boti yetu. Njiani kutoka Mahale, dada mpishi alitaka kujua maji yaliyobaki kama yatatosha kuosha vyombo. Akafungua mfuniko wa tangi pale sitaha ili aingize kijiti cha kupimia. Tangi likavuta hewa kwa mlio mrefu, kama mtu aliyezuia pumzi, na huku chini bomba la jikoni, ambalo alikuwa ameliacha wazi, likafoka mpaka sufuria ikaanguka.

"Fundi, hili tangi lako lilikuwa linakabwa," akaniambia.

Alikuwa sahihi. Kila tangi lina mrija mdogo wa kupumulia. Maji yakitoka, hewa iingie. Boti ilikuwa imekaa wiki kadhaa Kibirizi bila safari, na nyigu wale wanaofinyanga vijumba vya udongo walikuwa wamejenga ndani ya mrija wetu, wakauziba kabisa. Pampu ilikuwa inavuta dhidi ya tangi lililofungwa. Nilipolipapasa ubavu nikakuta plastiki imebonyea ndani. Na siku ile niliyojaribu pampu mpya maji yalitoka vizuri kwa sababu mfuniko ulikuwa wazi, tulikuwa tunajaza.

Nikauzibua kwa waya na kuufunga wavu wa chuma wenye matundu ya kuzuia nyigu lakini yanayopitisha hewa. Usitumie kitambaa. Kuna boti niliyoikuta imefungwa kitambaa mdomoni mwa mrija, halafu fundi rangi akapitisha brashi juu yake, tukawa na nyigu wa aina nyingine.

Kuhusu pampu ya zamani, niliijaribu kwa ndoo mchangani siku iliyofuata. Ilijaza lita 10 kwa sekunde 52. Sasa hivi imefungwa kwenye mfuko wa nailoni chini ya kitanda cha nahodha, na tajiri akiiona huwa ananitazama tu.