Wasifu wa Mwombaji Asiyewahi Kuajiriwa

SWALI: Ndugu Mshauri, nimehitimu stashahada ya masoko na ninaishi na shangazi Masasi, mkoani Mtwara. Nimeona tangazo la nafasi ya afisa masoko msaidizi, lakini katika wasifu wangu sehemu ya uzoefu inabaki tupu, kwani tangu nimalize chuo kazi yangu ni kumsaidia shangazi kuuza korosho za kubanguliwa stendi. Rafiki ananishauri niandike kuwa niliajiriwa na kampuni iliyokwisha kufungwa. Nifanyeje?
Msomaji, Masasi

JIBU: Ushauri huo uache, kwa kuwa mwajiri akiuliza msimamizi wako alikuwa nani, utakosa jina la kumtajia. Tena nashangaa umeiita tupu sehemu yenye biashara nzima ndani yake. Anayeuza korosho stendi huamua afungashe kwa vipimo gani, abiria anayepita atozwe kiasi gani na mteja wa kila siku apunguziwe kiasi gani, na anajua jinsi wanunuzi wanavyobadilika pindi minada ya korosho ghafi inapoanza na fedha kuwafikia wakulima. Hayo ndiyo masoko.

Andika "Muuzaji, biashara ya familia, stendi ya Masasi", pamoja na miezi na mwaka, kisha mistari michache inayoeleza ulifanya nini na kukatokea nini. "Nilimsaidia shangazi kuuza" hakumwambii mwajiri lolote, ilhali "Nilianzisha pakiti za robo kilo na kupokea oda kwa WhatsApp, mauzo ya siku yakapanda kutoka pakiti 12 hadi 20" kunamwonyesha mtu anayefikiri. Tarakimu hizo ni mfano wangu tu. Zako zitoe kwenye daftari la mauzo, na kama shangazi hana daftari, lianzishe leo badala ya kukisia.

Mafunzo kwa vitendo uliyofanya ukiwa chuoni nayo yaweke kwenye uzoefu. Kabila, dini na shule ya msingi viache, ukurasa mmoja unatosha. Shangazi hafai kuwa mdhamini kwa kuwa ni ndugu. Mwombe mkufunzi wako, na umwarifu kabla hujaandika namba yake.

Kama una leseni ya pikipiki, iandike juu kabisa, maana afisa masoko anayeanza kazi huku kwetu hushinda barabarani, Newala leo na Tandahimba kesho, kuliko ofisini.