Waksi ya gari nyeusi inayolala nje

Mkuu, umeuliza upake waksi gani kwenye hiyo Demio yako nyeusi inayolala nje huko Kigamboni, mi nisingehangaika na waksi ya kanauba, ile ya asili ya mmea, inang'aa balaa ila kwa jua letu na upepo wa chumvi mwezi 1 au 2 imeshaisha, chukua ya sintetiki, yaani ya kutengenezwa kiwandani, hiyo inaweza kukusogeza miezi 4 hivi. Na soma kopo vizuri, polishi sio waksi, polishi nyingi zinakwangua, ukipaka kila wiki klia, lile tabaka la juu linalolinda rangi, inakwisha.

Kupaka sasa. Osha na shampuu ya gari, kausha kabisa, paki kivulini, gusa boneti kwa kiganja ikiwa ya moto subiri, mi niliwahi kupaka saa 7 mchana ikagandia kama ukoko wa wali, nikasugua mpaka bega likauma. Paka kidogo sana, mlango mmoja mmoja, iache ifanye ukungu, pitisha kidole, ukungu ukitoka safi bila kuvutika ndo ufute na kitambaa laini cha maikrofaiba. Plastiki nyeusi ambazo hazina rangi usiziguse, zinabaki na madoa meupe utajuta. Siku ukimwagia maji hayafanyi vitone tena, rudia.