Kwa nini farasi asile hori moja na ng'ombe?

SWALI: Nafuga ng'ombe wanne wa maziwa nje kidogo ya mji wa Nanyuki, na tangu mwezi uliopita nimeachiwa farasi wawili wa jirani aliyesafiri. Ng'ombe wangu hula nyasi kavu, unga wa mahindi, pumba na chakula cha dukani chenye urea kidogo. Kijana anayenisaidia anasema kwamba hawa wote ni wala nyasi, kwa hiyo wale hori moja. Daktari wa mifugo alipopita alikataza, akasema kuwa vimeng'enya vyao "havikai mahali pamoja", kisha akapanda pikipiki yake akaenda zake. Alikuwa na maana gani? – Msomaji, Nanyuki

JIBU: Daktari alisema kweli, ingawa alikuachia kitendawili. Vimeng'enya, yaani protini zinazovunjavunja chakula mwilini, vya farasi na vya ng'ombe vinafanana kwa sehemu kubwa. Kinachowatenganisha ni mpangilio, yaani nani anakifikia chakula kwanza: mnyama mwenyewe, au vijidudu anaoishi nao tumboni.

Kati yao hakuna anayetengeneza kimeng'enya cha kuvunja selulosi, zile nyuzi ngumu zinazolishikilia jani. Kazi hiyo hufanywa na bakteria, kuvu na protozoa, na ng'ombe amewaweka mwanzoni kabisa, katika rumeni, tumbo la kwanza kati ya manne, ambayo kwa ng'ombe mkubwa hubeba lita 100 hadi 200. Ukipata nafasi ya kufika machinjioni, utazame ukuta wa ndani wa rumeni: umefunikwa na vinundu vyembamba vilivyosongamana kama taulo, ambavyo hufyonza asidi zinazotokana na kuchachuka kwa chakula, lakini hauna tezi hata moja ya kumwaga kimeng'enya. Mate ya ng'ombe nayo, ambayo kwa siku moja huweza kupita lita 100, hayategemewi kuvunja wanga. Yamejaa bikaboneti ya kupunguza makali ya asidi hizo.

Vimeng'enya vya ng'ombe mwenyewe huanza kazi katika tumbo la nne, lenye asidi na pepsini, kimeng'enya cha kuvunja protini, na kinachofika huko ni mabaki ya nyasi pamoja na umati wa bakteria waliokwisha kunenepa kwa nyasi hiyo. Hapa pana jambo ambalo mimi hulistaajabia kila ninapolifundisha. Laisozaimu, kimeng'enya ambacho sisi tunacho kwenye machozi na mate kwa ajili ya kupambana na maambukizi, kwa ng'ombe hutolewa kwa wingi katika tumbo hilo la nne, kikapasua kuta za bakteria ili pepsini iifikie protini iliyomo ndani. Mbele kidogo, kongosho humwaga ribonuklasi nyingi ya kuvunja asidi nukleiki za bakteria haohao. Ng'ombe basi huwalisha vijidudu nyasi, halafu akawala wao.

Kwa farasi mambo yamepinduka. Tumbo lake ni moja tu, dogo, la lita 8 hadi 15, nalo hutoa asidi hata wakati hali kitu. Chakula hakikawii humo, hupita upesi kuingia utumbo mwembamba, ambako vimeng'enya vyake mwenyewe hufanya kazi kabla ya ule uchachushaji mkubwa wa vijidudu. Sukrasi na maltasi, vimeng'enya vya kuvunja sukari, anazo za kutosha, hivyo sukari haimsumbui kama inavyomsumbua ndama, ambaye hana sukrasi na huharisha ukimtilia sukari ya chai katika maziwa. Upungufu wa farasi uko kwenye amilasi ya kongosho, kimeng'enya cha kuvunja wanga, ambayo ni kidogo sana ukimlinganisha na nguruwe. Ukimpa unga mwingi kwa mara moja, wanga usiovunjwa huteremka hadi kwenye ule mfuko mkubwa wa mwanzo wa utumbo mpana, wenye ujazo wa lita 30 hivi, na huko ndiko vijidudu wake wanakokaa. Wanga huo huchachuka kwa kasi, asidi hupanda, bakteria wanaovunja nyuzi hufa, na mnyama hupatwa na msokoto wa tumbo au uvimbe wa ndani ya kwato unaoweza kumlemaza. Washauri wengi wa lishe hushauri wanga usizidi gramu 1 kwa kila kilo ya uzito wake kwa mlo mmoja; kwa kuwa mahindi ni wanga kwa asilimia 70 hivi, farasi wa kilo 450 asipewe basi zaidi ya gramu 640 hivi za mahindi kwa mara moja, na akiwa na nyasi nzuri huenda asihitaji hata hizo.

Vunja donge la kinyesi cha farasi kwa kijiti, uone vipande vya nyasi vilivyobaki wazi, kisha ulinganishe na kinyesi laini cha ng'ombe, ambaye hucheua na kusaga tena. Ndani ya donge hilo mna pia protini nyingi ya bakteria iliyopotea, kwa kuwa imetengenezwa baada ya utumbo mwembamba kupitwa. Kwa sababu hiyohiyo urea, ambayo bakteria wa rumeni huigeuza kuwa protini, haimfai farasi: sehemu kubwa hufyonzwa kabla ya kuwafikia bakteria na kutoka kwa mkojo, na ikizidi humdhuru kwa amonia.

Nje ya habari ya vimeng'enya, soma lebo ya chakula hicho cha dukani. Kikiwa na monensini, dawa ambayo huongezwa katika baadhi ya vyakula vya ng'ombe, usikiweke karibu na farasi kabisa, kwa maana kiasi kidogo tu huharibu misuli ya moyo wake na kumuua.

SWALI: Je, punda wa mkokoteni yuko upande gani? – Msomaji, Lamu

JIBU: Upande wa farasi. Huchachusha chakula nyuma, katika utumbo mpana, na hustahimili nyasi duni kuliko farasi, kwa hiyo majani makavu yanamtosha kwa siku nyingi. Pumba na unga mpe kwa kipimo, mara kadhaa kwa siku, wala usimrundikie vyote jioni anapofunguliwa mkokoteni.