Mama ana kila kitu, mbona presha haishuki?

SWALI: Shikamoo dokta. Baba alipofariki tulimtoa mama Pangani aje akae na sisi Mbezi. Ana miaka 67. Ana chumba chake, tivii, dada anampikia, dawa za presha nanunua mwenyewe, lakini tangu aje presha inapanda tu, usiku halali, chakula anakigusa anaacha, kila siku anauliza lini anarudi kwao. Ndugu zangu wanasema anadeka. Nifanyeje?
Mtoto wa kwanza, Dar

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza mrudishe kliniki, dozi inaweza kuwa haitoshi, na uwaambie kabisa habari ya usingizi na kula ili waangalie kama ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Pia angalia kama dawa anazimeza kweli, mtu mwenye majonzi anaziruka.

Ila hadeki, hao ndugu zako waambie hivyo. Wewe unatoka alfajiri kukwepa foleni unarudi usiku umechoka, watoto wako na simu zao, sasa mama mchana kutwa anaongea na nani? Pangani alikuwa na jirani wa kumgongea asubuhi, ana kisomo, ana kikoba, kukiwa na shughuli anaitwa akasimamie jiko. Vyote hivyo vimeisha siku moja, na mume hayupo. Nyumba imejaa watu na bado ni mpweke, inawezekana kabisa, na mwili unaumia kweli: homoni za stresi zinabaki juu, usingizi unakatika, presha inapanda. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka Uingereza 2016 ulikuta wapweke na waliotengwa wana hatari ya ugonjwa wa moyo zaidi kwa 29% na kiharusi 32%. Shirika la Afya Duniani (WHO) nao Juni 2025 walisema upweke unahusishwa na vifo kama 871,000 kwa mwaka.

Kwa hiyo ulizia darasa la kina mama msikiti wa hapo mtaani, siku za mwanzo umsindikize mwenyewe. Dada ampishe jikoni, mama apike anavyojua. Zimbabwe tangu 2006 mabibi wa umri wake wamefundishwa, wanakaa kwenye mabenchi ya zahanati kusikiliza wenye mawazo, na utafiti wa 2016 ulionyesha watu wanapata nafuu, kwahiyo usimfanye mgonjwa wa kukaa tu.

Na Pangani mpeleke hata mwezi mzima, ila afungashiwe dawa za kutosha na apatikane mtu wa kumkumbusha.