Injini ya kilomita 180,000 imebakiza nini?

SWALI: Nina gari la petroli lenye kilomita 180,000. Halina shida, ila naambiwa kila mara kwamba injini hufa ikikaribia laki mbili, heri niliuze mapema. Injini hudumu kwa muda gani hasa?

JIBU: Usiliuze kwa sababu hiyo. Injini ya petroli ya kisasa ikitunzwa hufika kilomita 250,000 hadi 300,000 bila kufunguliwa, na nyingi huvuka hapo. Mmarekani Irv Gordon alinunua Volvo P1800 mwaka 1966. Kufikia 2013 ilikuwa imetembea maili milioni tatu, yaani kama kilomita milioni 4.8. Injini ilifanyiwa ovaholi njiani, ndiyo, lakini Gordon hakuwa mtu wa kuchelewesha sevisi.

Mita ya kilomita haisemi yote. Kilomita 200,000 kwa wastani wa kilomita 80 kwa saa ni saa 2,500 za kazi. Kwa wastani wa 25, kwenye foleni, ni saa 8,000! Mita zinalingana, injini hazilingani hata kidogo. Safari fupifupi nazo huumiza: injini haipati moto wa kutosha kukausha unyevu na petroli vinavyoingia kwenye oili. Fungua kifuniko cha kujazia oili, utazame kwa ndani. Ukikuta utando mzito wa rangi ya maziwa, ama ni unyevu wa safari hizo, ama maji ya rejeta yanavuja ndani. Angalia kama maji ya rejeta yanapungua.

Kinachoua injini nyingi ni oili na joto. Oili iliyopitiliza muda hugeuka tope, tope huziba chujio la pampu, beringi za kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) hukauka, injini inanoki, yaani inagonga kwa ndani. Joto halingoji muda wote huo. Silinda hedi ya alumini, yaani sehemu ya juu inayofunika silinda, hupinda kwa dakika chache tu za kuchemsha, na gasketi inayoziba chini yake ikaungua. Mshale wa temperecha ukipanda, tafadhali simama na uzime gari hapo hapo. Usijikaze ufike nyumbani. Mkanda wa taimingi, kama gari lako linao, badilisha kwa kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu chake, maana ukikatika, katika injini nyingi pistoni hugonga valvu.

Kabla ya kuamua lolote, mwambie fundi apime kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya kila silinda, injini ikiwa na moto. Silinda zote zikikaribiana na kufikia kiwango cha kitabu, endelea kuendesha. Moja ikiwa chini sana, atie oili kidogo kupitia tundu la plagi, apime tena. Kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimelika. Kisipopanda, tatizo liko kwenye valvu au gasketi, na mara nyingi hapo hedi pekee ndiyo hufunguliwa, bila kugusa sehemu ya chini ya injini.